Chembe Zinazojipanga Zenyewe

Wanangu, malori yanapopanga foleni Tunduma, hapa kwetu mkoani Songwe, kusubiri kuvuka kwenda Nakonde upande wa Zambia, tazameni chini na siyo juu. Msimu wa mvua maji hutuama kando ya barabara, na dizeli kidogo ikidondoka kutoka kwenye tangi, dimbwi chafu hupata rangi za ajabu: zambarau, kijani, manjano, samawati, zikitembea na kupishana. Watu wazima hulikwepa wasichafue viatu. Watoto husimama. Hao waliosimama wana haki ya kupewa maelezo, kwa sababu dizeli yenyewe haina rangi hizo, maji hayana, na mbingu siku hiyo imefunga mawingu.

Rangi hizo zinatokana na unene. Dizeli ikiangukia maji hutandaa hadi ikawa utando mwembamba mno. Mwanga ukifika hapo, sehemu yake hurudi kutoka uso wa juu wa utando. Sehemu nyingine hupenya, hugonga uso wa maji chini yake, ndipo hurudi. Miali hii miwili hukutana ikielekea jichoni pako, ila mmoja umesafiri mbali kidogo kuliko mwenzake. Na kwa kuwa mwanga ni mawimbi, kilele kikikutana na kilele mawimbi huongezeana nguvu. Kilele kikikutana na bonde huuana. Wimbi la mwanga mwekundu lina urefu wa karibu nanomita 700, la zambarau karibu 400, na nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Unene fulani wa utando huupandisha mwekundu na kuuzima wa samawati. Unene mwingine hufanya kinyume. Rangi zinatembea dimbwini kwa sababu unene unabadilika kadiri mafuta yanavyotandaa.

Benjamin Franklin, yule Mmarekani mashuhuri, aliwahi kumwaga mafuta yasiyozidi kijiko kimoja cha chai kwenye bwawa la Clapham, London, akayaona yakitandaa hadi karibu nusu ekari. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1774. Hakupiga hesabu ya unene wake, lakini ninyi mnaweza. Kijiko cha chai ni mililita 5. Nusu ekari ni karibu mita za mraba 2,000. Gawanyeni, mtapata nanomita 2 na nusu. Yaani mtu yule alisimama kando ya bwawa, bila hadubini wala mashine yoyote, akatengeneza kitu chenye unene wa molekuli moja au chache tu.

Lakini utando wa bwawani haushikiki. Upepo ukivuma unachanika, jua likiwaka unatoweka. Ninachotaka kuwasimulia ni jinsi watu walivyojifunza kutengeneza tando ngumu, juu ya kioo, tabaka juu ya tabaka, wakitumia chembe ambazo hakuna jicho linaloziona.

Chembe hizo mmekutana nazo. Mto Momba unapoteremka kuelekea Ziwa Rukwa wakati wa mvua, umejaa udongo. Chota maji yake kwenye chupa, uyaache yatulie usiku kucha. Mchanga utazama haraka, udongo mzito utafuata, lakini asubuhi maji bado yana ukungu. Ukungu huo ni chembe za udongo wa mfinyanzi ambazo haziko tayari kuzama hata ukizingoja wiki nzima. Maji yenye chembe za namna hiyo huitwa koloidi. Maziwa ni koloidi, wino mweusi ni koloidi, na rangi ya kupaka ukutani ni koloidi. Chembe ya koloidi huwa na upana wa kati ya nanomita 1 na nanomita 1,000. Unywele wako mmoja una unene wa karibu nanomita 80,000.

Kwa nini hazizami? Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown, Mskoti, aliangalia kwa hadubini punje ndogo zilizotoka ndani ya chavua ya maua. Aliziona zikitikisika majini bila kupumzika. Akadhani zina uhai. Akajaribu vumbi la mawe, nalo likatikisika vilevile. Albert Einstein alieleza sababu mwaka 1905: molekuli za maji hazitulii kamwe, nazo huzigonga chembe kutoka kila upande, na kwa kuwa chembe ni nyepesi, kila mgongano unaisukuma. Mfaransa Jean Perrin alizipima chembe hizo kwa uangalifu mkubwa, akathibitisha maelezo ya Einstein, na mwaka 1926 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo chembe za Momba haziko kimya. Zinasukumwa huku na huku mchana na usiku.

Basi mtu anayetaka kutengeneza utando lazima azitulize chembe hizi zisizotulia, azilaze juu ya kioo kwa safu, zisipandane ovyo. Mkono wa binadamu hauwezi. Kibanio cha kawaida ni kikubwa mno. Njia inayofaa ni kuziacha zijipange zenyewe, na kazi ya fundi ikawa kutengeneza mazingira yanayozilazimisha kujipanga vizuri.

Jambo la kwanza la kujifunza liko mezani kwenu. Mbozi hulima kahawa ya arabika, na palipo na kahawa pana matone yaliyomwagika. Tone likikaukia mezani hubaki duara: ukingoni mstari mweusi, katikati karibu peupe. Jambo hili linashangaza ukilifikiria. Tone lilipokuwa bichi, kahawa ilienea sawasawa ndani yake. Nani aliihamishia ukingoni?

Watu walikunywa kahawa kwa mamia ya miaka kabla ya jibu kuchapishwa. Mwaka 1997 Robert Deegan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago waliliandika katika jarida la Nature. Ukingo wa tone hung'ang'ania meza, haurudi nyuma tone linapopungua. Maji nayo huondoka kama mvuke kwa kasi zaidi pale ukingoni, ambako tone ni jembamba. Sasa, ikiwa ukingo hausogei na maji yake yanaisha, lazima maji mengine yatoke katikati kuja kujaza. Yanapokuja yanabeba chembe za kahawa, yanazishusha pale, yanaondoka kama mvuke na kuziacha. Kuna mto mdogo ndani ya kila tone linalokauka, unaotiririka kutoka katikati kwenda pembeni hadi tone liishe.

Kwa fundi wa tando, mto huo ni adui. Utando ulio mnene ukingoni na mwembamba katikati una rangi mchanganyiko kama dimbwi letu, wala haufai kwa kazi ya makini. Mwaka 2011 Peter Yunker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waligundua dawa mojawapo, nayo ni umbo. Walichukua vijipira vya plastiki vya duara, wakavivuta vikawa virefu. Vile vya duara vilikwenda ukingoni kama kahawa. Vile virefu vilipofika kwenye uso wa maji vilishikana, vikagoma kusukumwa, na tone likakauka kwa usawa. Plastiki ilikuwa ileile na maji yaleyale. Umbo peke yake ndilo lililobadilishwa.

Wengine waliamua kumtumikisha adui. Mwaka 1992 Kuniaki Nagayama nchini Japani, akishirikiana na wataalamu wa Bulgaria, alionyesha kwamba mto uleule unaweza kupanga chembe za duara kwa nidhamu kubwa. Maji yakipungua juu ya kioo hadi kina chake kikawa kidogo kuliko upana wa chembe, vichwa vya chembe hutokeza juu, na ngozi ya maji iliyopinda kati yao huzivuta zikagusana. Zikishagusana, maji yanaendelea kuvuka kuja kwenye kundi hilo kujaza yaliyoondoka kama mvuke, yakileta chembe nyingine na nyingine. Zikijipanga hivyo, kila chembe huzungukwa na sita. Mmewaona akina mama sokoni wakipanga machungwa: la juu hukaa kwenye shimo lililoachwa na matatu ya chini. Chembe nazo hufanya hivyo tabaka la pili linapokuja, ingawa hakuna mkono uliozigusa.

Asili ilifanya kazi hii zamani sana. Opali, jiwe la thamani linalometameta rangi zote, ni vijipira vya silika vilivyojipanga ardhini, tabaka juu ya tabaka, kila kimoja kikiwa na upana wa nanomita mia kadhaa. Silika ni ileile iliyo kwenye mchanga mweupe. Mwaka 2008 opali nzuri za namna hiyo ziligunduliwa Wegel Tena, Wollo, nchini Ethiopia.

Kukausha, hata hivyo, kuna ukorofi wake. Joto likibadilika kidogo, upepo ukipita mlangoni, tabaka linaharibika. Iko njia nyingine ambayo naipenda zaidi, na ili muielewe turudi kwenye ile chupa ya maji yaliyogoma kutakata.

Kijijini mtu akiwa na maji ya namna hiyo hutia shabu. Anaizungusha majini kidogo, anasubiri, na baada ya muda udongo unashikana mabonge, unazama, maji yanabaki meupe. (Yachemsheni hata hivyo kabla ya kunywa, maana vijidudu vingine hubaki.) Sababu ni umeme. Chembe za udongo wa mfinyanzi zimebeba chaji hasi, na chaji zinazofanana hufukuzana, kwa hiyo kila chembe inamkwepa mwenzake na hakuna bonge linaloundwa. Shabu ina alumini, nayo ikiyeyuka hutoa chaji chanya. Hizo huzivaa chembe za udongo, ufukuzanaji unakwisha, zinashikana na kuzama. Mbegu za mlonge zilizosagwa hufanya kazi hiyohiyo, kwa kuwa protini zake nazo zina chaji chanya. Bibi zetu hawakutumia neno chaji, lakini kazi waliifanya kwa usahihi.

Mwaka 1966 mkemia wa kampuni ya DuPont huko Marekani, Ralph Iler, alichapisha makala kuhusu matabaka ya chembe za koloidi. Alichukua vitu viwili ambavyo sasa mnavifahamu. Cha kwanza ni silika, ambayo chembe zake majini zina chaji hasi. Cha pili ni chembe za alumina, kampaundi ya alumini na oksijeni, ambazo zina chaji chanya. Kioo kisafi majini kina chaji hasi. Akakichovya kwenye maji ya alumina: chembe chanya zikang'ang'ania. Akakisuuza. Akakichovya kwenye maji ya silika: chembe hasi zikajilaza juu ya zile chanya. Akasuuza tena. Akarudia.

Hapa pana jambo ambalo nataka mlisome polepole. Kwa nini kila mara lilijengeka tabaka moja tu, lisirundikane lundo? Kwa sababu tabaka la silika likishaufunika uso wote, uso huo sasa ni hasi. Chembe nyingine ya silika ikija inakuta wenzake wenye chaji kama yake, inafukuzwa. Kazi inajisimamisha yenyewe. Unaweza kukiacha kioo ndani ya chombo kwa dakika moja au saa moja, tabaka ni lilelile. Na kusuuza, ambako mtu mvivu angekuruka, ndiko kunakoondoa chembe zilizoegemea tu bila kushikwa. Asiyesuuza atazibeba hadi chombo cha pili, chanya na hasi zikutane majini na kushikana mabonge kama udongo na shabu. Kwangu mimi hakuna hatua ya kupendeza kuliko hiyo ya maji safi. Umeme unaamua tabaka liwe moja, maji safi yanalinda uamuzi huo.

Kadiri matabaka yalivyoongezeka, utando ulibadilika rangi, na kwa rangi hiyo mtu aliweza kujua umefikia unene gani. Mnaona? Ile kanuni ya mafuta juu ya maji imegeuka kuwa rula.

Makala ya Iler haikutiliwa maanani sana wakati ule. Mjerumani Gero Decher, kuanzia mwaka 1991, alionyesha kwamba kanuni ileile inafanya kazi kwa minyororo mirefu ya molekuli yenye chaji, na tangu hapo maabara nyingi duniani zimekuwa zikichovya na kusuuza.

Mtauliza: tando hizi zinafanya kazi gani? Tembea vijiji vya wilaya za Momba na Ileje, hesabu mapaa yenye sola. Kioo cha kawaida hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga unaokipiga upande mmoja, na mwanga uliorudishwa haugeuki umeme. Mwaka 1938 Katharine Blodgett, mwanafizikia wa kampuni ya General Electric, alionyesha tiba: akapaka kioo matabaka 44, kila moja likiwa na unene wa molekuli moja, hadi mwanga unaorudi kutoka juu ya utando na ule unaorudi kutoka chini yake ukauana karibu wote, kioo kikawa kama hakipo. Utando wake ulikuwa laini, ulifutika kirahisi. Paneli nyingi za sasa hutumia chembe za silika badala yake. Utando huo wa silika una unene wa nanomita mia moja na kitu, na una nafasi tupu nyingi kati ya chembe, kwa sababu hewa iliyomo ndani hufanya mwanga upenye bila kushtuka. Tando kama hizo mia kadhaa zikipangwa pamoja ndipo zinafikia unene wa unywele wako. Kwa hiyo nawaomba, wanangu, msiisugue paneli kwa mchanga wala kwa waya wa kusugulia sufuria. Vumbi la kiangazi liondoeni kwa maji safi na kitambaa laini, asubuhi kabla kioo hakijapata moto.

Tanzania nayo ina watu wa kazi hii. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imetafiti tando nyembamba kwa miaka mingi. Mwaka 2009 Nuru Mlyuka wa idara hiyo, pamoja na Gunnar Niklasson na Claes-Göran Granqvist wa Uppsala, Sweden, walichapisha matokeo ya utando wa matabaka matano juu ya kioo, oksidi ya titani ikipishana na oksidi ya vanadi. Oksidi hiyo ya vanadi ina tabia ya pekee: chini ya nyuzijoto 68 hivi huruhusu mionzi ya joto ipite, juu ya hapo huizuia, na mwanga wa kuonea unaendelea kupita. Dirisha la namna hiyo lingejiamulia lenyewe lini lizuie joto la jua. Ila lazima joto hilo la mgeuko lishushwe lifike karibu na joto la chumba, maana nyuzijoto 68 ni nyingi mno kwa dirisha la Dar es Salaam, sembuse la Vwawa penye baridi.

Tando zao hawakuzijenga kwa koloidi. Zilijengwa ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, ambamo atomu hung'olewa kwenye bamba la metali na kutua juu ya kioo. Mashine hizo ni ghali, zinataka umeme usiokatika na fundi aliyesomea. Ndiyo maana nimewasimulia zaidi habari za Iler. Njia yake inataka vyombo viwili vya maji yenye chembe, maji safi ya kusuuzia na subira. Naamini shule ya sekondari yenye mwalimu makini inaweza kuianza, na sioni sababu ya vijana wa Songwe kusubiri mpaka wafike chuo kikuu.

Anzeni na kilicho karibu. Chukueni kipande cha kioo kilichooshwa vizuri kwa sabuni na kusuuzwa. Chujeni kahawa kwa kitambaa kizito, mdondoshe matone kadhaa yenye ukubwa sawa. Moja liacheni wazi. Jingine lifunikeni kwa kikombe ili likauke polepole. La tatu litieni sabuni kidogo sana kabla ya kulidondosha. Kesho yake yapangeni, myachore, mpime upana wa kila ukingo kwa rula, muandike na saa mlizosubiri. Matone hayatakuwa sawa. Pelekeni kioo hicho na daftari kwa mwalimu wenu wa fizikia au kemia, mkamwulize ni kitu gani kilichozuia ule mto mdogo, nanyi mkajaribu tena kwa maji ya udongo wa shambani kwenu.